Maji ya Kidevuni

Hapo zamani, na asinikatize mtu, palikuwa na mwanamke aitwaye Mize, mjamzito wa miezi minane. Alikwenda mwambani kuchokoa pweza na mkwewe Bi Time, wifi yake Hidaya na mke mwenzake Riziki. Jiwe likaporomoka, likambana mguu, akabaki kitako hawezi kuinuka. Wakasukuma, wapi! Wakavuta, wapi! Na maji ndiyo kwanza yanajaa.

Yakafika kiunoni. Mize akalia, "Mwanangu jamani! Atakayetuokoa, nikizaa binti nitampa jina lake!"

Riziki akachomoa panga. "Tukate mguu. Bora awe kilema kuliko maiti."

"Thubutu!" Bi Time akamdaka mkono. "Ataisha damu. Kila kizito huvuta kingine. Jua ni kubwa mno, ila liko mbali. Mwezi ni mdogo, ila ni jirani, ndiyo maana kwa kuvuta maji unalishinda. Vikivuta pamoja, hapa panazama. Leo mwezi ni nusu, kila kimoja kinavuta kwake. Maji yatakomea kidevuni."

"Na ukikosea, mama?" Mize akauliza, meno yakimgongana.

Bi Time akazidi kuukaza mkono wenye panga.

Yakafika kifuani. Hidaya akamkumbatia kichwa, kila wimbi likija analigeuzia mgongo limpige yeye. Riziki akatupa panga, akapiga mbizi, akachimba changarawe chini ya jiwe kwa vidole. Anaibuka, anahema, anazama tena, mpaka kucha zikang'oka. Mize aliogopa, wacha weee! Yakafika shingoni. Yakagusa kidevu, akaonja chumvi.

Yakatulia hapo hapo. Bado yametulia, changarawe ikaachia, mguu ukachomoka.

Akazaa binti. Siku ya saba, siku ya kumpa mtoto jina, wakaja wote watatu.

"Ningeacha panga lishuke, leo ungekuwa kaburini na mwanao," akasema Bi Time. "Na nilijua maji yatakoma."

"Maji yalikoma, mawimbi je?" akasema Hidaya. "Kila pumzi uliyovuta, wifi yangu, niliilinda mimi."

Riziki akanyoosha vidole vyenye vidonda. "Maji yangetoka, jiwe lingebaki. Halafu yangerudi. Ungekaa pale mpaka lini?"

Mize akamtazama mwanawe. Ahadi kaitoa kwa kinywa chake, na wote watatu anawapenda.

Haya, nyie wenye maneno mengi, msaidieni: mtoto aitwe Time, aitwe Hidaya, au aitwe Riziki?