Risiti za Bosi Masunga

Nyinyi wenye vyeti, tegeni masikio. Nyamizi aliishia darasa la saba, ila ndiye aliyemtengenezea Bosi Masunga, muuza pampu za maji wa Kahama, programu ya kutoa risiti. Mwaka wa pili programu ikagoma. Bosi akamwita, akamfokea mbele ya wateja.

"Itengeneze! Bure!"

"Bosi, matengenezo yana bei yake."

"Bei gani? Aliyeuza kitu, kikiharibika akitengeneze bure mpaka kufa!"

"Niandikie basi, bosi wangu, nisije nikasahau."

Bosi akaandika kwa mbwembwe, akasaini, akagonga na mhuri wa duka. Nyamizi akaitengeneza programu, akaondoka bila hata soda.

Mwezi haukuisha, wakulima wakafurika dukani na pampu zilizokufa, kila mmoja na risiti yake mkononi. Chini ya kila risiti yalichapwa maneno yale yale ya bosi, na saini, na mhuri.

Bosi akamkimbilia Nyamizi, jasho likimchuruzika.

"Dada'angu, umenimaliza! Yafute!"

"Nilidhani unataka dunia nzima ijue, bosi. Haya, nayafuta. Ila kufuta nako ni matengenezo. Nani analipa?"

Bosi akatoa pochi kabla hajakaribishwa kiti.