Karibu ya Pili

Wapendwa, kinamama mnaobembeleza watoto huko nyuma endeleeni tu, sauti yangu itawafikia. Leo nina habari za binti mmoja. Jina simpi, maana nimemtunga mwenyewe, lakini mkimwangalia vizuri mtaona mmeshawahi kukutana naye.

Binti huyu alikuwa anasomea uuguzi katika chuo kidogo cha wilayani, chuo ambacho ukikitaja mtu anakuuliza, "Hicho nacho kiko wapi?" Mama yake alikuwa mjane, muuza vitenge, na ada ya pale aliimudu kwa kujinyima. Muhula wa kwanza ulipokwisha, binti akarudi nyumbani na neno moja tu: anataka kuhama. Kuna chuo kikubwa mjini, kina maghorofa, kimekubali kumpokea. Lakini ada ya huko ingebidi wakope, mkopo usingetoka bila dhamana, na dhamana pekee waliyokuwa nayo ni kiwanja cha mama.

Ngoja niwaeleze kiwanja chenyewe. Mama alikuwa anaishi chumba cha kupanga. Kila akibakiza kidogo, ananunua tofali, anazipanga pale kiwanjani na kuzifunika nyasi. Siku nyingine alikwenda kuzitazama tu, akarudi moyo umetulia. Mnaopanga mnanielewa.

"Mwanangu," mama akauliza, "huko mjini wanafundisha nini ambacho hapa hakipo?"

"Maabara yao ni nzuri, Mama. Halafu ukitoka pale, kazi unapata haraka."

"Na hapa kuna kinachokusumbua?"

Binti akainamia kucha zake. "Hakuna, Mama. Ni maabara tu."

Mama akamtazama mtoto alivyokonda. "Basi," akasema. "Kile ni kiwanja, wewe ni mwanangu. Wiki hii nitakwenda kuweka saini."

Jamani, nani kati yetu hajawahi kutoa sababu nzuri ili afiche sababu ya kweli? Kule chuoni wanafunzi walikuwa wanapika kwa makundi. Wanachangia unga na mafuta, wanazunguka sufuria moja. Binti alifika amechelewa, makundi yameshajipanga, na muhula mzima alikunywa chai na mkate peke yake kitandani, vicheko vikimfikia kutoka chumba cha jirani. Sasa angeanzaje kumwambia mama yake kwamba kiwanja kiwekwe rehani kwa sababu yeye hana wa kula naye? Aliona ni mambo ya kitoto, akayameza. Mwishowe hata yeye alianza kuamini kwamba tatizo ni maabara.

Wiki hiyo hiyo chuo kikafunguliwa, akarudi kufungasha. Ilikuwa mchana, wale wa chumba cha jirani wanapakua ugali na dagaa. Mmoja wao, msichana mwenye maneno mengi, akamwona anakunja godoro, akaja kusimama mlangoni.

"Dada, unahama kweli?"

"Ndiyo."

"Haya. Sisi tulijua tu. Tangu mwanzo hukututaka."

"Mimi?" Binti akaliachia godoro. "Nyie ndio hamkunitaka! Muhula mzima mnakula hapo, hakuna hata mmoja aliyenigongea mlango."

"Tulikukaribisha! Siku uliyofika, begi bado liko mkononi. Tukasema karibu chakula, ukasema asante, umeshiba."

"Nilikuwa nimeshinda kwenye basi, sijatia kitu mdomoni!"

"Sasa mbona ulisema umeshiba?"

"Kwetu ndivyo mtu anavyojibu akikaribishwa mara ya kwanza. Kwani wewe uliamini?"

Yule msichana aliamini kweli. Kwao alifundishwa kwamba mgeni akisema ameshiba, ukizidi kumng'ang'aniza unamkera. Wote wawili walikuwa na adabu zao, tena adabu nzuri, na adabu hizo ndizo zilizomweka mtoto wa watu na upweke miezi yote ile. Yule msichana akamshika binti mkono, akamvuta mpaka kwenye sufuria, akamkalisha. Binti akala huku analia, wenzake nao wakalia, dagaa wakazidi chumvi.

Jioni akampigia mama yake simu. "Mama, usiende kuweka saini."

"Kwani wamejenga maabara?"

"Hapana, Mama." Akacheka, akavuta kamasi. "Nimepata watu wa kula nao."

Mama akakumbuka siku ile. Alikuwa amemwona mtoto amekonda, akamuuliza mara moja, akaridhika na jibu. Hilo lilimuuma kuliko habari zote za kiwanja.

Sasa vijana najua mnachosubiri. Mnataka niseme kama kukopa ili uhame chuo ni vizuri au vibaya. Mtanisamehe, leo sisemi. Wako wanaohama kwa ajili ya maabara kweli kweli, wanakopa, wanasoma, na Mungu anawainua. Kaeni na wazazi wenu mpige hesabu. Ila nina swali: mlipokuwa mnanisikiliza, mlijiweka wapi? Nimewaona. Kinamama mlikuwa mama mwenye kiwanja, hata leso zilitoka. Vijana mlikuwa binti. Hakuna aliyejiweka kwenye sufuria.

Na sisi, wapendwa, ndio watu wa sufuria. Sisi wenye kwaya yetu, vikundi vyetu, na benchi ambalo kila mtu anajua ni la mama fulani. Mgeni akija tunamsimamisha, tunampigia makofi, tunamwambia karibu, basi, tumemaliza. Jumapili ya pili hatumwoni, tunasema ana maringo. Kumbe mwenzetu yuko mahali anatafuta wa kumkopesha, ili aende kununua mbali kitu ambacho sisi tulikuwa nacho hapa na tungempa bila kupungukiwa.

Ibada ikiisha leo, msikimbilie mlangoni. Najua wali uko jikoni, utasubiri. Geuka umtafute mtu mmoja ambaye hulijui jina lake. Mpe mkono, muulize habari. Atakwambia ni nzuri, sote ndivyo tunavyojibu. Usiuachie ule mkono. Muulize tena.