Mgunga Mdogo wa Mzee Chidawali

Hadithi hii nimeipata kwa shemeji yangu, ambaye kwa kawaida hunitumia vichekesho tu. Hii imenitoa machozi, nikaona si vizuri kukaa nayo peke yangu.

Palikuwa na dereva mstaafu wa treni, Mzee Chidawali. Sebuleni kwake alikuwa ametengeneza reli ndogo, mfano wa njia aliyokuwa akipita kazini, juu ya meza ya chakula: vituo vya maboksi, vilima vya karatasi na gundi, na treni yenye ukubwa wa kiatu ikizunguka yenyewe. Mkewe alishasalimu amri, akawa anapakulia mkekani.

Siku moja daktari wa macho alimwambia kwamba kabla mwaka haujaisha hataona tena. Mzee akaenda moja kwa moja kwa Bi Mwavita, fundi wa mapambo.

"Mwanangu, nitengenezee mgunga mmoja wa kwenye kona ya reli yangu, ile ya kabla ya kalavati, kale kadaraja ka kupitishia maji. Nataka niuone kabla macho hayajazima. Lakini uwe mti kweli."

Bi Mwavita akasokota nyaya za shaba zikawa shina na matawi. Akabandika vipande vya dodoki alivyovipaka kijani, akanyunyizia unga wa mbao. Mti ukatoka wa duara, umejaa, unapendeza kama keki ya harusi.

Mzee akauzungusha mkononi. "Huu umekulia bustanini. Hauijui reli."

Bi Mwavita alikasirika, tena sana, lakini fundi ni fundi. Akaenda kutazama miti ya kando ya reli. Akagundua kwamba genge, wale wafanyakazi wanaotunza njia, hukata matawi yote ya upande wa treni yasije yakagonga mabehewa. Kila mti pale ni kama umenyolewa nusu kichwa. Akarudi akatengeneza mwingine, upande mmoja umejaa, upande wa pili mtupu, na vumbi la majivu juu yake.

"Umekaribia," alisema Mzee Chidawali. "Bado."

"Bado nini, mzee wangu?"

"Waulize wanaoijua reli."

Nyumbani alimkuta baba yake, Mzee Kasimba, anatoa mbegu kwenye madodoki. Zamani baba huyu alikuwa nyapara wa genge. Bi Mwavita akamwaga malalamiko yake yote: huyo mzee, hiyo kona, hilo kalavati.

Baba yake aliacha kazi aliyokuwa akifanya. "Acha tawi moja upande wa reli. Usawa wa dirisha la dereva."

"Si genge lingelikata?"

"Genge lilikuwa langu. Tawi lile nililiacha makusudi. Chini ya kalavati udongo ulikuwa unamomonyoka. Niliripoti mara tatu, hakuna aliyekuja. Nikasema basi, tawi liwapige madereva dirishani, wapunguze mwendo. Dereva mmoja akaniandikia barua ya uzembe, nikavuliwa unyapara, nikahamishiwa mbali. Baadaye nikasikia mvua imelizoa kalavati, na dereva amesimamisha treni kwa macho yake makali. Kwa hiyo tawi langu halikusaidia kitu."

Bi Mwavita akarudi kwenye nyaya zake. Akatengeneza mgunga wa tatu, akaacha lile tawi.

Mzee Chidawali alipouona aliuweka kwenye kona, akakaa kitini, akalia waziwazi mbele ya mkewe na Bi Mwavita.

"Ile barua niliandika mimi," alisema. "Wiki moja baadaye tawi likanipiga dirishani katikati ya mvua. Nikakamata breki nimtukane vizuri aliyeliacha. Treni iliposimama, mbele yangu hapakuwa na kalavati, ni maji tu. Nyuma yangu nilikuwa na abiria mia nne. Wakubwa wakanipa cheti cha umakini, nami nikakipokea. Sikusema neno."

"Kwa nini hukwenda kwa baba?"

"Aibu, mwanangu. Miti ipo mingi kwa mafundi wengine. Nilikuja kwako kwa sababu nilijua wewe ni binti yake. Nilikuwa natafuta mlango wa nyumba yenu. Sitaki kuingia gizani sijauona uso wake."

Bi Mwavita hakubishana naye. Alimshika mkono, wakaenda.

Mzee Kasimba alisikiliza maneno yote mpaka mwisho, barua na cheti na kila kitu. Mzee Chidawali akasema, "Nisamehe, mzee mwenzangu. Na asante. Kila siku niliyoishi tangu pale ni yako."

Mzee Kasimba hakuulizia barua wala cheti. Aliuliza jambo moja tu.

"Kwa hiyo lilikupiga dirishani kweli?"

"Lilinipiga."

"Ukasimama?"

"Nikasimama."

Mzee Kasimba akafunika uso kwa viganja. "Miaka ishirini na sita," alisema, "nimekuwa nikidhani nilivuliwa unyapara bure."

Mtumie hii yule unayemkwepa kwa sababu alikutendea wema.

Funzo: Asante uliyoificha kwa aibu si yako, ni ya mtu anayeingoja bila kujua; mpelekee angali hai, na kosa lako ulitaje papo hapo.