Luhende na Kiti Kisichoshuka

Soma mpaka mwisho, kisha mtumie yule ndugu yako asiyeshaurika. Wangu nimeshamtumia, ameninunia.

Luhende alikuwa muuza maziwa, mfupi wa kimo, mrefu wa maneno. Kila asubuhi alifunga dumu nyuma ya baiskeli akapanda kilima kumpelekea Mama Nyamizi, mwenye mgahawa. Hakuwa na mteja mwingine, na nyumbani alikuwa na watoto sita.

Kilima kikamchosha. Akaenda kwa fundi, akafungiwa mikono mirefu ya pedali ili apate nguvu.

"Sasa tushushe kiti," fundi akasema. "Pedali zinakwenda chini zaidi, miguu haitafika vizuri."

"Thubutu! Kiti hiki alikiweka marehemu baba. Kushusha ni kwa watoto!"

Makubwa! Tangu siku hiyo maziwa yakawa yanafika na mabonge ya siagi. Luhende akalaumu majani, akahamisha malisho. Akalaumu ng'ombe, akakamua mwingine. Akanunua na dumu jipya. Wa kulaumiwa akabaki mkewe Minza, na Minza si mtu wa kulaumiwa hivi hivi.

"Kesho ukiniletea siagi tena, usirudi," Mama Nyamizi akamwambia.

Luhende akaogopa kwelikweli. Akaapa kwamba amerogwa. Kulipokucha akamwomba Minza amfuate nyuma, amkamate mchawi njiani.

Hawajafika hata nusu ya kilima, Minza akakaa chini, anacheka mpaka machozi.

"Umemwona?" Luhende akauliza, akitweta.

"Nimemwona, Baba Kabula! Yuko juu ya baiskeli! Kila ukikanyaga pedali, kiuno kulia, kiuno kushoto, unaitafuta kwa vidole vya miguu, na dumu nalo linayumba. Wenzako tunasukasuka maziwa kwa kibuyu, wewe unasukasuka kwa makalio!"

Luhende akashuka kwenye baiskeli. Wakaazima spana nyumba ya jirani, wairudishe wakati wa kushuka, wakashusha kiti vidole viwili. Maziwa yakafika salama.

Mama Nyamizi akaonja, akatabasamu. "Haya ndiyo maziwa. Ila ile siagi, wateja wangu wa mkate wanaiulizia."

Luhende akakitazama kiti. Minza akaificha spana.

Funzo: Ukirefusha pedali, shusha na kiti. Asiyekubali kurekebisha la kwake atamsaka mchawi kijiji kizima, kumbe anazunguka naye kwenye baiskeli.