Nani Alishika Kamba ya Kisiki

Kipya hakijui ulipoishia. Ndivyo alivyosema nesi mkuu leo, daktari mgeni alipotaka kumbadilishia bibi yenu dawa bila kumuuliza lolote, nanyi mkatazamana mkacheka. Mlidhani ni kejeli ya wazee. Si kejeli. Maneno hayo yana mahali yalipozaliwa, na mahali penyewe ni Voi, kwenye meza ya mchezo, siku ambayo mtu mzima mwenye heshima zake nusura aitupe kompyuta dirishani. Wekeni simu chini mnisikilize.

Mtu huyo aliitwa Mwadime. Alikuwa mkuu wa stesheni ya reli mpaka alipostaafu, na tabia za reli hazikumtoka: shati lililonyooshwa kwa pasi, saa ya mkononi iliyotangulia dakika mbili, na chuki kubwa kwa mtu asemaye "kama saa tisa hivi." Kila Jumamosi alasiri aliketi na wenzake watatu nyuma ya duka la Mghoi, fundi cherehani, wakacheza mchezo wa safari. Si bao wala karata. Katika mchezo huo kila mchezaji hujibunia mtu, akamsemea na kumwamulia, na dadu ndiyo huamua kama alilojaribu limefaulu au limemtokea puani. Msimulizi alikuwa Mwadime mwenyewe. Yeye ndiye aliyewatungia wenzake milima, majambazi na njaa, na alifanya hivyo kwa furaha isiyomfaa mtu wa umri wake.

Mtu wa Mghoi alikuwa mwenye punda. Mwakio, mwalimu wa hesabu, alikuwa na msoma ramani mwoga kuliko yeye. Wakesho, muuguzi, alikuwa na Kisiki, mlinzi wa msafara, mwanamke kiwete mwenye ulimi wa pilipili, na wote walimpenda Kisiki kuliko walivyowapenda watu wao. Safari yao ilikuwa imedumu miaka sita. Sasa Wakesho alikuwa amehamishiwa Lodwar. Basi lake lilikuwa Jumapili asubuhi, na Mwadime alikuwa ameapa kwamba safari itaisha Jumamosi, Wakesho akiwa mezani kwa mwili wake, si kwa simu wala kwa salamu za kutumiana.

Hapo mwanzo kabisa walikuwa na desturi ambayo Mwadime aliileta kutoka kazini. Relini mtu hamwachii mwenzake zamu kwa kumsukumia kitabu tu. Husimama mbele yake akamwambia kwa mdomo kilicho mkononi mwake: gari la mizigo liko njia ya pili, breki zimefungwa, ufunguo ninao mimi, huu hapa. La mwenzake halisemi. Basi pale mezani nako, kabla ya kuagana, kila mmoja alitaja mtu wake amesimama wapi na ameshika nini. Baadaye ikaja programu ya kompyuta iliyoandika yote hayo yenyewe, majeraha, silaha na mahali walipofika, na ni Mwadime yuyo huyo aliyesema, "Tusijichoshe bure. Mashine imeandika." Desturi ikafa, wala hakuna aliyeilia.

Programu ile iliwafaa sana. Basi kampuni yake ikaamua kuiua. Ulikuja ujumbe wenye rangi nyingi: "Habari njema! Tumewaboreshea." Ya zamani ingefungwa, na mpya ingebeba kila kitu, mteja abonyeze mara moja tu. Mghoi alisema, "Kipya kinyemi, ingawa kidonda." Mwadime, mtu wa kuwahi, akabonyeza Alhamisi.

Kilichotoka huko si cha kusimulia mbele ya watoto. Mahali pa umri pamejazwa urefu, na mahali pa urefu pamejazwa umri: Kisiki ana miaka mia moja sabini na minane, na kimo cha sentimita thelathini na moja. Kilema chake kimehamia kwa punda. Punda naye amepewa cheo cha mchumba wa Mwakio. Lile korongo refu walilokuwa wakilivuka limekuwa "Soko", bila maelezo. Mwadime alipoirusha dadu ya kwenye kioo, dadu yenye pande ishirini, ilizunguka dakika nzima, ikampa ishirini na saba. Akasahihisha kila kitu kwa mkono, kimoja baada ya kingine, saa mbili kamili. Alipobonyeza "Hifadhi", mashine ikamkaribisha kwa jina la mtu mwingine, ikafuta yote.

Ijumaa kutwa alikuwa akiandikiana na huduma kwa wateja, yaani na mashine nyingine. Aliandika kwa adabu, kwa Kiswahili cha barua za serikali. Ikamjibu, "Pole kwa usumbufu. Je, umejaribu kuzima na kuwasha?" Alizima, akawasha. Kisiki akapungua sentimita mbili. Akaandika tena, sasa bila adabu. Ikamjibu, "Tumefurahi kukusaidia," ikafunga mazungumzo. Damu ilimchemka Mwadime hata mkewe akamwondolea kikombe cha chai kilichokuwa karibu na mkono wake.

Jumamosi ikafika, na saa nane alasiri wote wanne walikuwa mezani. Wakesho alikuja na viatu vya safari tayari, maana vingine vyote vilikuwa vimefungwa ndani ya masanduku. Mwadime alikuwa amepata namba ya simu yenye mtu ndani yake. Alipiga, akasikilizishwa muziki uleule mara kumi na nne, kisha sauti ya msichana ikasema anaitwa Kadzo, na amsaidie nini. Mwadime akaiweka simu katikati ya meza, sauti wazi, ili wote washuhudie haki ikitendeka.

"Binti yangu," alianza, "mmetupotezea safari yetu, na leo ndiyo siku ya mwisho tuliyo nayo. Mwenzetu mmoja anaondoka kesho."

"Pole sana, mzee. Nipe dakika nitazame." Vidole vyake vilisikika vikibonyeza. "Mzee, kwangu hapa inaonyesha wewe ni mteja mpya. Umejiunga juzi Alhamisi. Hakuna kilichotangulia."

"Juzi!" Mwadime alisimama, akainyanyua kompyuta kuelekea dirishani, akairudisha. "Mimi nimekaa na nyinyi miaka sita! Nimewapa watu majina msituni, nimezika wanane, nimeozesha wawili, leo waniambia nimeingia juzi?"

"Nakuelewa, mzee. Usinikasirikie mimi, nami nimekabidhiwa hivihivi." Kadzo alishusha pumzi. "Tufanye hivi. Niambie mlikuwa mmeishia wapi hasa, niandike kwenye malalamiko. Pengine mafundi wataweza kuwarudisha hapo."

"Hilo tu? Andika. Daraja limekatika. Kisiki ananing'inia kwa kamba juu ya korongo, na kamba imeshikwa na Mwakio."

"Naam, ni mimi," alisema Mwakio.

"Wewe?" alisema Mghoi. "Tangu lini? Kamba nimeshika mimi! Wewe ulikuwa umefumba macho."

"Kufumba macho na kushika kamba ni mambo mawili."

"Mwalimu, usinifanye mjinga dukani kwangu!"

Wakavutana hapo, sauti zikapanda, na wateja wawili kule mbele wakachungulia kwenye pazia. Mwadime alifungua mdomo ili aamue, kwa kuwa ndiye msimulizi, akakuta hana la kuamua. Hakujua. Siku mbili nzima alikuwa ameitukana mashine kwa kutojua walipoishia, na yeye mwenyewe, mkuu wa stesheni, alikuwa ameondoka zamu bila kumsikiliza mtu. Aibu ilimshika hadi masikioni.

"Kaeni," alisema taratibu. "Tukabidhiane kama zamani. Kila mmoja aseme cha mkononi mwake tu. Asiseme cha mwenzake. Mwakio?"

Mwakio alinyanyua mikono yake miwili, akaitazama. "Mwenge, mkono huu wa kulia. Ramani, mkono huu wa kushoto." Akainamisha kichwa. "Basi kamba sikuishika."

"Mghoi?"

"Hatamu za punda. Mikono yote miwili, kwa sababu..." Mghoi alisita. "Kwa sababu kamba imefungwa kwenye tandiko la punda. Ni punda anayemshikilia Kisiki. Na anateleza. Anavutwa kuelekea ukingoni, na mimi naye."

Wote walimgeukia Wakesho.

"Mimi nimeshika kisu," alisema Wakesho.

Akafumba kiganja juu ya meza, kana kwamba kimo ndani.

"Nilisema Jumamosi iliyopita. Nilisema Kisiki anatoa kisu ili aikate kamba, kabla hajawaburuta wote. Mkanyamaza. Halafu akaingia yule bibi harusi, mteja wa Mghoi, kujaribu gauni, mkaanza kukunja karatasi. Nawe Mzee Mwadime ukaniambia, 'Tutaliona wiki ijayo.'"

Mwadime alikumbuka. Alikumbuka hata alivyoharakisha kuizima kompyuta, na jinsi alivyomshukuru moyoni yule bibi harusi.

"Lakini tunaweza kukuvuta," alisema Mwakio. "Naangusha ramani, naangusha mwenge. Watatu na punda, mbona tunaweza! Rusha dadu, mzee."

"Sitaki mnivute," alisema Wakesho. "Mkinivuta leo, kesho naondoka palepale. Kisiki atabaki hapa mezani hana wa kumsemea. Mtamfanya nini? Mtampa mtu mwingine? Atakuwa anafuata nyuma ya punda kama mzigo, hasemi, mpaka mumsahau? Nimekaa naye miaka sita. Niacheni nimmalize mimi." Akamgeukia Mwadime. "Niulize, mzee. Wewe ndiye msimulizi."

Mwadime alivua miwani. Hasira aliyoilea tangu Alhamisi ilikuwa imekwisha, na mahali pake palikuwa na huzuni aliyokuwa akiikwepa kwa wiki mbili. Akaiweka dadu mfukoni, kwa kuwa kukata kamba hakuhitaji bahati.

"Kisiki," alisema, "kisu kiko kwenye kamba. Punda anateleza. Wenzako wanakuita. Unafanya nini?"

"Nawaambia wamefunga mzigo vibaya kama kawaida yao," alisema Wakesho. "Kisha nakata."

Mwadime akasimulia. Alisimulia punda alivyorudi nyuma na kukaa kwa kishindo, kamba ilivyolegea, na jinsi matusi ya Kisiki yalivyosikika kutoka chini kwa muda mrefu kuliko walivyotarajia. Mghoi alilia waziwazi, akijifuta kwa kipande cha bitana. Mwakio alikuwa bado ameinua mikono yake hewani, hajui aitue wapi. Wakesho peke yake ndiye aliyekuwa akitabasamu, machozi yakimtiririka.

"Halo?" ilisema simu. "Mzee? Samahani. Bado nipo."

Walikuwa wamemsahau Kadzo. Naye, kwa sauti yake, ilionekana alikuwa amesikiliza yote.

"Msimamizi wangu ananiuliza nimeandika nini," alisema. "Malalamiko hayafungwi bila maelezo."

Mwadime aliwatazama wenzake mmoja mmoja, kisha akaitazama kompyuta, ambayo wakati huo ilikuwa ikimwalika aanze safari yake ya kwanza.

"Andika," alisema, "kipya hakijui ulipoishia."

"Basi?"

"Basi. Na usiandike kwamba nimekutukana. Kosa halikuwa lako, na nusu yake lilikuwa langu."

Programu ile haikutengenezwa. Ilifungwa mwaka uliofuata, ikaletwa nyingine, nayo ikaboreshwa. Lakini Kadzo alilichukua lile neno. Kila mfanyakazi mgeni alipokabidhiwa kiti, Kadzo alimwambia hivyo yule anayeondoka, na kumkalisha chini aseme kwa mdomo wake alichoshika. Wakesho naye alilipeleka wodini Lodwar, manesi wakalichukua, na likawafikia hata watu ambao hawajawahi kuiona dadu yenye pande ishirini. Wengi hulisema kukitukana kitu kipya. Mwadime hakulisema hivyo. Siku ile alimlaumu aliyeondoka mezani akiwa na neno la mwenzake masikioni, akajifanya hakulisikia, akitumaini mashine italikumbuka kwa niaba yake. Kipya hakijui ulipoishia.