Upanga wa Pigo Moja

Mtu mmoja alikuwa na upanga usiohitaji pigo la pili. Jina lake Beda, fundi wa simu katika mji mmoja wa milima ya kusini, na upanga wenyewe ulikuwa ndani ya gemu, gemu ya majitu na ngome na watu wa kale, ile inayochezwa kwenye runinga. Najua wamo kati yenu wanaokunja uso wakisikia neno gemu. Vumilieni kidogo. Mfano hauchagui shamba la kuota.

Safari ile ya kwenye gemu Beda hakuianza peke yake. Aliianza na kaka yake, Osmundi, aliyemzidi miaka sita. Baba yao alikwisha fariki, na mashine ya gemu waliachiwa na mjomba wao alipohama, mashine ya zamani iliyokuwa haiwaki mpaka uipulize vumbi. Kila Jumapili baada ya misa, mama yao akiwa jikoni anachemsha mihogo, wawili hao walikaa kwenye mkeka bega kwa bega, kila mmoja ameshika pedi yake, kile kidude cha vitufe ambacho mchezaji humwendeshea mtu wake. Mtu wa Beda alikuwa shujaa mwenye upanga. Mtu wa Osmundi hakuwa na silaha yoyote. Alikuwa mpiga kengele.

Kazi ya mpiga kengele ilikuwa moja. Akiipiga, jitu linamgeukia yeye. Likimgeukia yeye, mgongo wake unabaki wazi kwa mwenye upanga. Basi. Siku zile kila pigo la Beda lilitoa namba tisa, nyekundu, ikapaa juu ya kichwa cha jitu na kupotea. Jitu la darajani, lililowazuia kuvuka, lilikuwa na damu mia tano, maana hivyo ndivyo wachezaji wanavyouita uhai. Hesabuni wenyewe ni mapigo mangapi, na mkumbuke kwamba kila pigo lilitaka kengele ipigwe kwanza. Kila walipopanda ngazi ya mchezo, gemu iliwapa alama wazigawe wapendavyo. Beda alizipeleka zake kwenye mkono wa upanga. Osmundi alizipeleka zote kwenye uvumilivu, ili mpiga kengele akae muda mrefu zaidi kabla hajaanguka.

Na alianguka. Walikufa pale darajani Jumapili baada ya Jumapili, mpiga kengele kwanza, mwenye upanga baadaye kidogo, kisha wote wawili wakajibwaga mkekani wakicheka mpaka mbavu ziwaume. Mama yao alikuwa akitokea mlangoni na mwiko mkononi, anawatazama. "Nyinyi mnacheka nini? Si mmeshindwa?" Walitazamana, na kicheko kikaanza upya. Mama alirudi jikoni akitikisa kichwa.

Mwaka ule Beda alipofaulu kwenda sekondari, Osmundi aliondoka nyumbani. Alianza utingo, akawa dereva wa malori yanayovuka mpaka kwenda nchi za jirani. Nyumba ikala, Beda akasoma. Asubuhi ya kuondoka, begi likiwa begani, Osmundi aliigusa ile mashine kwa kidole akasema daraja watalivuka akirudi. Beda aliitikia. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na mtoto wa umri huo akisema ndiyo huwa anaimaanisha.

Lakini lori halina mwaka wa kurudi. Osmundi alikuwa akija Krismasi, analala siku mbili, anaondoka kabla ya kuosha nguo alizokuja nazo. Beda alikua, akamaliza shule, akafungua kibanda chake cha kutengeneza simu. Jioni alicheza peke yake. Mpiga kengele, asiye na mtu wa kumwongoza, alimfuata nyuma kama mbuzi aliyezoea, kengele ikining'inia kimya. Na bila kengele jitu la darajani lilikuwa linamsagasaga Beda kila siku. Uchungu ulimpata, sikatai. Mtu mzima hapendi kushindwa na kitu kile kile miaka saba.

Ndipo mteja mmoja, akisubiri kioo cha simu yake, akampa siri. Ndani ya gemu ile kuna pango, na ndani ya pango kuna mhunzi. Ukimpelekea kitu chochote, anakiyeyusha na kukimimina kwenye upanga wako, na upanga unazidi ukali. Beda akaenda. Akayeyusha ngao, akayeyusha kofia ya chuma, viatu, taa na dira. Namba ikapanda kutoka tisa hadi tisini. Jitu likaendelea kumsaga. Basi mhunzi akamwambia, kwa maandishi madogo chini ya skrini, kwamba kizito kuliko vyote ni kile mwenzako alichokibeba kwa muda mrefu. Skrini ikauliza: una hakika? Akabonyeza ndiyo. Ikauliza tena. Akabonyeza tena, safari hii upesi zaidi.

Kengele ikayeyuka. Mpiga kengele, sasa mikono mitupu, akaketi kwenye mdomo wa pango na hakumfuata tena. Upanga ukaruka kutoka tisini hadi elfu tisa. Beda akaenda darajani, akapiga mara moja, na jitu lililowaua utotoni mwao mara zisizo na idadi likaanguka kama gunia la mahindi linavyoangushwa ghalani. Aligeuka pembeni ili amwonyeshe mtu. Pembeni palikuwa na mkeka tu.

Habari ikaenea mjini. Vijana walijaa kibandani kuutazama upanga wa Beda, wakimwita Mzee wa Pigo Moja, naye akavimba kichwa kama ambavyo mimi na wewe tungevimba. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Beda alikuwa amepata kidole kinachovunja chawa, kunguni, na jitu zima pamoja na ngome yake. Kwa miaka sita alitembea nchi yote ya gemu ile, na hakuna kilichosimama mbele yake muda wa kutosha hata akijue sura. Kama ushindi huo ulimchosha, hakumwambia mtu. Ila Jumapili hakucheza. Jumapili alikuwa anasema ana kazi.

Mwaka wa kumi na nne tangu aondoke, Osmundi akarudi nyumbani moja kwa moja. Presha ya macho ilikuwa imemla taratibu, na alipoitambua ilikuwa imekwisha kula sehemu kubwa. Daktari alimweleza bila kuzunguka kwamba kilichokwisha potea hakirudi. Aliona mwanga wa dirisha. Aliona kwamba kuna mtu mlangoni, ila ni nani, mpaka aseme. Mwajiri alimwondoa kwenye usukani, na mtu aliyepitisha mizigo kwenye milima na matope kwa miaka kumi na minne sasa alikuwa anakalishwa kwenye kiti sebuleni. Akinyanyuka kutafuta maji, mama anamwahi. Akishika fagio, Beda analichukua. "Kaa tu, kaka, usihangaike," alikuwa akimwambia, na aliamini kwamba huo ni upendo. Osmundi alikaa. Wiki ya tatu alikuwa ameacha hata kunyanyuka.

Jumapili moja baada ya misa, mihogo ikiwa jikoni, Osmundi aliuliza kama ile mashine bado ipo. Beda akasema ipo. Osmundi akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu arudi. Alisema amewaza sana, na ameona kwamba kupiga kengele hakuhitaji macho. Hatua za jitu zinasikika, na kidole gumba chake hakijakisahau kile kitufe. Alishuka kwenye kiti, akapapasa mkeka, akakaa upande wake wa zamani, upande wa dirishani, akakinga mikono apewe pedi.

Beda aliikumbuka kengele. Angeweza kusema pale pale. Hakusema. Alijiambia kwamba ushindi utafunika kila kitu, kwamba kaka yake akisikia jitu limeanguka atafurahi, na furaha haiulizi maswali. Akaipuliza mashine vumbi, akamwekea pedi mikononi, akamwongoza shujaa hadi darajani. Jitu likatokea. Ardhi ya gemu ikatetema. Osmundi aliinua kichwa na kutega sikio, na uso wake, Mungu anisamehe nikisema hivi, ulirudi kuwa wa miaka kumi na minane. Akabonyeza.

Kengele haikulia. Beda akapiga pigo lake moja, jitu likaanguka, muziki wa ushindi ukalia. Osmundi aliendelea kubonyeza. Akadhani pedi imeharibika. Akaigeuza, akaipuliza upande wa waya kama walivyokuwa wakifanya zamani, akaipigapiga kwenye goti, akabonyeza tena. Kisha akaacha.

"Beda," alisema, "kengele yangu iko wapi?"

Beda akamweleza. Hakuficha mhunzi, wala swali lililoulizwa mara mbili. Osmundi alisikiliza hadi mwisho. Akaiweka pedi chini polepole, akautafuta mkono wa mdogo wake na kuupata, akaubana kidogo. Akasema basi daraja limevukwa, akampa hongera. Hakuwa anamkejeli. Angekejeli, Beda angepata pa kushika. Aliitoa hongera ile kwa moyo mweupe, kisha akaanza kunyanyuka, mkono mmoja hewani ukikitafuta kiti.

Gemu ile hutunza safari moja tu. Anayetaka kuanza upya sharti aifute ya zamani, na ikifutwa imekwenda. Beda aliutazama upanga. Ulikuwa miaka sita ya jioni zake, ulikuwa jina lake mjini, na huenda ndio ushindi pekee aliowahi kuupata pasipo mtu kumsaidia. Au ndivyo alivyokuwa akijiambia. Akapiga moyo konde, akabonyeza kufuta. Skrini ikamuuliza: una hakika? Ikamuuliza tena. Macho yalikuwa yamejaa machozi na maandishi hayasomeki vizuri, lakini alikwisha jua yamesemaje.

Osmundi alikuwa amefika kwenye kiti, hajaketi, aliposikia nyuma yake sauti ndogo ya kengele ya bei rahisi, ile ya mwanzo kabisa wa safari. Akarudi, akipapasa, akakaa upande wa dirishani.

Mwenye upanga hakuwa na upanga tena. Alikuwa na fimbo, na fimbo ilitoa namba tatu. Iliwachukua Jumapili nyingi kufika darajani, na sitawadanganya kwamba mambo yalikuwa kama zamani. Ya zamani hayarudi. Mgongo wa Osmundi ulikuwa umeharibiwa na barabara na hakuweza kukaa muda mrefu. Kengele yake ilikawia kidogo, Beda akawa analazimika kumtangazia: kushoto kaka, sasa, piga. Naye alipiga. Vijana walikuja mara moja kutazama, wakakuta mtu mzima anapiga jitu na kutoa namba saba, wakaondoka na hawakurudi. Beda hakuwaona walipoondoka. Osmundi siku hizi ananyanyuka mwenyewe kutafuta maji, na anayemwahi anafokewa.

Siku waliyofika darajani mvua ilikuwa inanyesha. Mpiga kengele alianguka kwanza, mwenye upanga akafuata kidogo tu. Halafu mmoja wao, sijui nani, akaanza kucheka, na mwingine akamfuata, mpaka mbavu zikawauma.

Mama yao alitokea mlangoni, mwiko mkononi, mvi kichwa kizima. "Nyinyi mnacheka nini? Si mmeshindwa?"

Daraja halijavukwa mpaka leo. Nanyi mnaonisikiliza, mnaosema kila mmoja kwamba amefika alipofika kwa mkono wake mwenyewe, nawauliza neno moja mkalale nalo: ndani ya upanga wako, imo kengele ya nani?