Kitunguu Kisichoachwa Kulala

Kwanza apa. Sema, "Haki ya Mungu, sitamwambia mtu." Umesema? Vizuri. Na mimi niliapishwa hivyohivyo, tena nimeshika Biblia, kwamba habari hii haitatoka uani kwa Luvanda. Basi sogea, maana naitoa.

Mtu mmoja alikuwa na vitunguu vya maua. Si vya kukaanga hivyo. Ukivila unatapika mpaka nyongo. Ndiye huyo Luvanda, mtunza bustani wa misheni, kule juu kwenye mashamba ya pareto, ambako ukungu hushuka mchana kweupe na mtu uliyekuwa ukiongea naye akabaki sauti tu. Sista mmoja mzee, akirudi kwao kungoja kufa, alimwachia vitunguu hivyo ndani ya soksi. Ua lake huitwa airisi. Ni la buluu iliyokolea kama wino, lina ulimi wa njano katikati, na huku kote hapakuwa na mwingine aliyelipata. Sista alimwagiza jambo moja. Mvua zikiisha, majani yatakauka, utadhani limekufa. Halijafa, limelala. Usilimwagilie, usiliguse. Mvua zikirudi litaamka lenyewe, na litachanua.

Luvanda alitii. Alitengeneza tuta la mchanga na kokoto ili maji yasituame, akaliezekea kipaa cha nyasi ukungu usilidondokee. Kisha akafanya na jambo ambalo hakuagizwa. Alisimama kanisani akatangaza kwamba siku ya shukrani ya mavuno ua hilo litakuwa altareni. Watu wakapiga makofi. Tangu makofi yale hakupata tena usingizi wa kueleweka.

Mvua zikaja. Yakatoka majani membamba kama uzi, ua hapana. Mwaka uliofuata yakatoka membamba zaidi. Akafukua aone. Kitunguu kilichokuwa kama ngumi ya mtoto kilikuwa kimejigawa, kila kipande kama punje ya kitunguu saumu. Ndiyo tabia yake. Kikisumbuliwa usingizini hugawanyika, na kilichogawanyika hakina nguvu ya kuchanua. Luvanda akajua kuna mkono wa mtu. Kwa maana kiangazi chote udongo wa tuta ulikuwa ukikutwa umetifuliwa, kisha umepigwapigwa taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto alale. Hakuna kilichoibwa. Vitunguu vilifunuliwa tu, vikatazamwa, vikafunikwa.

Akahamishia kiti chake pembeni ya tuta. Akala hapo, akasali rozari hapo, akasinzia hapo. Hakupita mtu. Mbwa wake, anayebwekea hata kuku, hakubweka. Na bado udongo ukafunuliwa. Watu wakaanza kuzunguka mbali kuliko kupita kwenye ua ule. Akasema chakula chake kina ladha ya udongo, amelishwa kitu. Kucha zake zilikuwa nyeusi, lakini sisi wa majembe, nani ana kucha nyeupe?

Sasa, nyuma ya nyumba ya Luvanda aliishi Enesia, mjane wa mdogo wake, na watoto wake. Chumba kile aliachiwa na marehemu, na hakuwa na kwingine pa kuweka kichwa. Siku moja, akipita na ndoo ya maji, alimwona Luvanda ameinama juu ya tuta, akamtania kama mtu anavyomtania shemeji yake: "Shemeji, liache hilo dude lilale. Hata mtoto ukimwamsha kila saa, hakui."

Maneno hayo yalitembea kijijini kuliko padri. Nami sisemi niliyabeba mimi, lakini yalipofika bombani yalikuwa na miguu mingine.

"Yeye alijuaje kama limelala?"

"Nani alimwambia?"

"Mwenzangu, kitu kiko chini ya ardhi, yeye anajua kama kimelala au kiko macho! Huo si uchawi ni nini?"

Basi mwenyekiti wa kitongoji akaita watu uani kwa Luvanda, mchana, ili Enesia ahukumiwe. Nasema ahukumiwe, lakini nguo zake zilikuwa zimeshatolewa nje na kufungwa mzigo, na watoto wameketi juu ya mzigo wao wenyewe. Luvanda aliketi kwenye kiti chake kando ya tuta, kama mfiwa. Enesia alisimama katikati.

"Mwone, hata halii," akasema mama mmoja.

"Nikilia mtasema nawatega," akajibu Enesia.

Hapo ukungu ukashuka. Ulishuka mzito, mweupe, ukameza paa, ukameza mwenyekiti, kila mtu akabaki peke yake na pumzi zake. Watoto juu ya mzigo wakaanza kuitana majina wasipotezane. Na katikati ya weupe ule tukasikia sauti. Mchanga unachakurwa. Kwaru, kwaru, polepole, bila haraka yoyote. Kisha, pa, pa, pa, kofi la kubembeleza.

Hakuna aliyekimbia, kwa kuwa hakuna aliyejua akimbilie wapi. Mwenyekiti akaita kwa sauti iliyokatika, "Enesia, uko wapi?"

"Nipo palepale mliponiweka," akajibu Enesia, na sauti yake ikatoka katikati ya ua, mbali na tuta.

Upepo ukapita, ukungu ukanyanyuka kama shuka. Kiti kilikuwa kitupu. Luvanda alikuwa amepiga magoti kwenye tuta, mkono mmoja umezama mchangani mpaka kwenye kiwiko, na kwa mkono wa pili alikuwa amebana punje ya kitunguu sikioni, amefumba macho, midomo inachezacheza. Mbwa amelala pembeni yake, anatikisa mkia. Sote tukamwona, mwenyekiti, kwaya, akina mama, na watoto wa ndugu yake.

Akainua kidole chenye udongo mdomoni, akatuambia kwa upole, "Nyamazeni, nasikiliza kama bado kipo."

Kisha akafumbua macho. Akatuona. Akautazama mkono wake kama mtu anayeutazama mkono wa mgeni, akataka kuuficha nyuma, na mchanga ukamwagika kutoka kwenye mkono wa shati mbele ya watu wote.

Na wewe unayefukua kila siku kile ulichoagizwa ukiache, mzigo wa nani umeshaufunga na kuuweka nje?